Yaache Dakika Tano

Barua ya manispaa ilikuja Jumanne, imeshikana na bili ya gesi.
Karatasi nzuri, nembo ya mji, na katikati, kwa wino mzito:
kila asubuhi fungulia bomba, yaache maji yatiririke dakika tano.
Kuchemsha hakusaidii.

Nililisoma hilo nimesimama,
birika likipiga mluzi nyuma yangu.

Mama alichemsha kila kitu:
chupa, chuchu za chupa, leso za mafua,
akiamini moto ni hakimu asiyekula rushwa.
Kumbe yuko mshtakiwa ambaye moto humnenepesha:
maji yanapaa mvuke, yeye anabaki sufuriani.

Aliyetumwa kupima ni kijana, Anselme.
Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi moja imetoboka,
akashuka chini ya nyumba, penye tanuri na masanduku ya Krismasi,
akalikwaruza bomba kwa funguo yake mwenyewe.
Chini ya ule weusi likang'aa kama sarafu mpya.
Akaweka sumaku. Ikaanguka sakafuni.
"Ni risasi," akasema, kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Risasi.
Babu Adélard alikaa vitani miaka minne
akarudi Quebec na vidole vyake vyote kumi.
Bibi aliwasha mishumaa hadi padri akanung'unika:
hakuna hata moja iliyompata!
Serikali ikamshukuru kwa nyumba hii,
mbao za msonobari, ngazi kumi na nne, paa la kumwaga theluji,
moja kati ya mia mbili zilizopangwa kama meno.
Na chini ya bustani, asipotazama mtu,
ikamlazia mita sita za kile alichokikwepa.
Hiki hakikuwa na mlio.
Hakikuwa na haraka.

Alikinywa miaka arobaini.
Alisema maji ya mtaa huu ni matamu.

Sijui kilimfanya nini. Hapo ndipo ninapokwama.
Ile mikono iliyomwaga supu, ilikuwa uzee?
Ilikuwa vita? Kikombe?
Damu haitoi risiti.

Jirani yangu, Bibi Ouimet, amechana barua yake vipande.
"Nina themanini na moja," anasema juu ya ua,
"na nakumbuka namba za simu za marehemu wote."
Akanikaribisha kahawa. Nikainywa, nifanyeje?

Bomba lina wenyewe wawili.
Kutoka barabarani hadi uani ni la mji,
kutoka uani hadi ukutani ni langu.
Mji utabadilisha lake mwaka kesho kutwa,
langu nimeletewa makadirio: bei ya gari, gari zuri.
Maji hayajui mpaka huo. Yanapita tu,
yanaramba kwao, yanaramba kwetu, yanaingia jikoni.

Basi saa kumi na mbili asubuhi, theluji magotini, giza bado,
nafungulia.
Ya kwanza ni maji ya usiku,
yaliyolala bombani yakinong'onezana na kuta.
Nayakinga kwa ndoo: ya choo, ya kudekia.
Kuyamwaga bure siwezi, nililelewa vibaya.

Maëlle ndiye saa yangu. Ana miaka sita,
anasimama kwenye kigoda, nywele bado za mtoni,
anahesabu hadi sitini, mara tano.
Mwalimu ameniambia nisiwe na wasiwasi,
kila mtoto ana wakati wake wa kusoma.
Nilimshukuru mwalimu.
Usiku nikaisoma tena barua, nyuma na mbele.

"Ishirini na saba," anasema Maëlle,
kidole chake kiko ndani ya maji, kimekuwa chekundu kwa baridi,
"ishirini na nane, ishirini na tisa,
thelathini na moja."

Mkono wangu uko kwenye koki.
Watoto wote huruka namba. Hata mimi niliruka.
Maji yanatiririka, meupe, safi kwa macho,
nami nangoja, sisemi kitu,
nangoja airudie.